Acha Sadaka Yako, Nenda Kwanza

Dominika ya 6 ya Mwaka A: Mathayo 5:17-37



Mtu amefika altareni, sadaka mkononi, na hapo anakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Bwana anamwagiza aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza. Angalieni vema: Yesu hasemi juu ya neno ulilo nalo wewe dhidi ya ndugu yako. Asema juu ya neno alilo nalo yeye dhidi yako. Wala hangoji ijulikane kwanza nani mwenye haki.

Injili hii niliihubiri mara tatu, huku sisemi na kaka yangu. Baba alituachia shamba lenye miembe nje ya mji wa Tabora. Kaka aliuza sehemu yake bila kuniuliza, nami nikamwandikia barua ya maneno makali. Ikapita miaka tisa. Wakati wote huo nilijihesabu kuwa mdhulumiwa.

Hatimaye niliondoka Bagamoyo, peke yangu, kwa gari. Asubuhi ile nilipita chini ya miembe ya misioni iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, mahali walipopokelewa watumwa waliokombolewa. Wengi hulieleza jina la mji ule kuwa ni "bwaga moyo": hapo mpagazi alitua mzigo na moyo ukatulia. Usiku wa kwanza nililala Mpwapwa, kituo cha kale cha misafara. Usiku wa pili nilipiga hema uani pa parokia moja huko Manyoni. Mbele yangu palikuwa na pori ambalo wasafiri wa zamani waliliita Mgunda Mkali.

Nikiwa hemani niliwawaza wapagazi wa Kinyamwezi. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Kwihara, karibu na Tabora. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Lakini jioni, kambini, aliutua. Asingeutua, asingefika. Nami mzigo wangu niliulalia na kuamka nao kwa miaka tisa, hata siku moja sikuutua. Tena nilipanda nao altareni.

Nilifika nyumbani alasiri. Kaka alikuwa akipalilia chini ya mwembe. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi tangu Manyoni, yote yakanipotea. Nikasema, "Kaka, shikamoo. Nimekuja kukuomba radhi kwa ile barua." Akaitikia, "Marahaba." Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita binti yake alete mkeka na maji ya kunawa. Tulikula pamoja.

Ndugu zangu, sitaki kuwadanganya. Suala la shamba halikwisha siku ile. Tulilizungumza baadaye, mbele ya wazee, na si yote niliyoyapenda. Lakini Injili haikuniagiza nishinde shauri. Iliniagiza niende. Na katika sehemu hiyo hiyo Bwana anatuhimiza kupatana na mshitaki wetu tungali pamoja naye njiani. Njia ina mwisho wake. Wako wengi waliofika nyumbani wakaonyeshwa kaburi.

Nanyi makatekista, mnaowafundisha watoto Kitubio na Komunyo, waambieni pia kwamba sadaka iliyoachwa mbele ya altare haikukataliwa. Inamngoja mwenyewe arudi.

Leo, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu amtaje moyoni ndugu mmoja. Asiulize nani alianza. Kama yuko mbali, aandike barua. Kama yuko jirani, avae viatu.

Ee Bwana, utupe miguu ya kwenda, na neno la kwanza la kusema tukifika. Amina.