"Nafasi Zimejaa": Nani Kazihesabu?

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa tawi letu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Nimepewa dakika kumi na naona mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mwaka jana mdogo wangu aliomba chuo. Nyumbani hatuna kompyuta, na simu yake ni ya kitochi, basi akaenda steshenari. Elfu kumi ya chuo cha kwanza, elfu kumi ya chuo cha pili, juu yake hela ya kaka wa steshenari. Majibu yakatoka: kachaguliwa vyote viwili! Mama alichinja kuku. Sasa si mnajua, ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji. Namba ikatumwa. Ikaenda kwenye simu ya kaka wa steshenari, maana ndiye aliyejaza fomu na alijaza namba yake mwenyewe. Naye alikuwa amesafiri kwenda msibani. Siku za kuthibitisha zikaisha. Awamu iliyofuata mdogo wangu akaomba tena kozi ile ile, akajibiwa nafasi zimejaa.

Hayo maneno mawili ndiyo yamenileta hapa mbele.

Nianze na jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mimi sipingi ukomo wa nafasi. TCU inapanga kila kozi ichukue wanafunzi wangapi, na idadi hiyo inachapishwa kwenye mwongozo wa udahili. Sawa kabisa. Mwaka 2017 tume hiyo hiyo ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na wengi tukapiga kelele. Lakini jamani, chuo kisicho na wahadhiri wala maabara kikiachiwa kijaze watu, anayeliwa ni mzazi aliyeuza ng'ombe. Kwa hiyo tusizunguke mitaani kuahidi kwamba sisi tukishika nchi kila mtu ataingia chuo. Huo ni uongo, na vijana wanaujua.

Ugomvi wangu uko kwenye hesabu yenyewe. Mdogo wangu hakuambiwa kozi ile iliombwa na wangapi. Hakuambiwa aliyeshika nafasi ya mwisho alikuwa na pointi ngapi. Atajuaje kama ameshindwa kwa haki, au kuna mtoto wa mtu kapitia mlango wa nyuma? Sisemi mlango upo. Nasema chumba kina giza.

Na kanuni zenyewe huwa zinahama. Aliyemaliza kidato cha sita 2015, C yake ilihesabiwa pointi 2. Aliyemaliza 2016, C ni pointi 3, na D ndiyo 2. Kiwango cha kuingia chuo kwa wote ni pointi 4 kwenye masomo mawili. Na alama zilizo nyuma ya herufi hizo nazo zilibadilishwa. Sasa hebu wapange hao wawili foleni moja, wanagombea kiti kimoja, uniambie nani yuko mbele. Mimi nasoma sheria mwaka wa tatu na bado kichwa kinaniuma.

Tuje kwenye sheria. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kusoma fani anayoipenda kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Tamu sana. Ila rudi Ibara ya 7: haki za sehemu hiyo huwezi kuzidai mahakamani! Mwaka wa kwanza nilipoisoma hiyo nilifunga kitabu, nikaenda kunywa chai.

Lakini kuna Ibara ya 13(6)(a), na hii ina meno. Haki ya mtu ikiamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, mwaka 2003, kwamba kusikilizwa ni haki ya kikatiba. Hoja yangu ni hii: anayeamua nani aingie chuo ni chombo kinachoamua haki ya mtu. Basi aliyekosa apewe sababu kwa maandishi, aonyeshwe pointi za wa mwisho aliyepata, na awe na siku za kukata rufaa kabla kiti hakijapewa mwingine. Hayo hayahitaji kujenga hata darasa moja. Ndiyo nataka tuyapeleke kwa wabunge kama hoja yetu, siyo maneno ya jukwaani tu.

Wakati tunasubiri, dirisha la maombi litafunguliwa. Tawi litaweka meza nje ya ofisi, bure, kwa mtoto wa yeyote, hata wa chama kile. Wenye kompyuta mpakato zileteni, na bando. Sharti ni moja: namba ya simu inayojazwa iwe ya mwombaji mwenyewe, na tuihakiki kwa kuipigia hapo hapo. Mdogo wangu ndiye atakayekaa kwenye meza hiyo. Amesema hatoki hapo hata kwa chakula cha mchana.