MWENZI WA SAFARI

(Hotuba iliyotolewa Bukoba katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, aliniachia mwenyewe nichague la kusema. Nadhani alitazamia kwamba mwalimu mstaafu atazungumza juu ya nidhamu. Nidhamu mmekwisha hubiriwa vya kutosha. Mimi nitazungumza juu ya watu wa hadithini, tena si mashujaa, bali yule anayefuatana na shujaa, anayemwuliza maswali, na ambaye akiondoka watu hawaulizi amekwenda wapi.

Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1968, wakati mkoa huu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar vilikuwa vikipokezanwa bwenini mpaka majalada yakatoka. Kilianza Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopata ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa 1960. Halafu kikaja Kisima cha Giningi, ambacho wakati huo kilikuwa kipya kabisa. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, alituteka akili. Jioni baada ya kazi za shamba tulimwigiza, na kiko chetu kilikuwa kijiti cha mbuni. Kila mtu alitaka kuwa Bwana Msa. Najum, rafiki yake, hakuna aliyemtaka, kwa maana tulimwona ni mtu wa kufuata tu.

Ugomvi huo ulikatwa na kijana wa Kamachumu tuliyekaa naye dawati moja. Alisema, "Basi mimi nitakuwa Najum. Bwana Msa asipoulizwa, atamweleza nani?" Tulicheka, tukaendelea na mchezo.

Neno lile lilinirudia miaka minane baadaye, mbali sana na hapa. Mwaka 1976 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Katika nyumba niliyopanga, kila Jumamosi jioni watoto wa mwenye nyumba walikaa mbele ya televisheni kutazama mchezo uitwao Doctor Who, nami nikakaa nao ili nizoee Kiingereza chao. Mchezo huo ulianzishwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Ulisimama 1989, ukarudishwa 2005. Habari zake ni za mtu aitwaye Daktari, asiye binadamu, anayesafiri katika nyakati zilizopita na zijazo ndani ya kibanda cha buluu ambacho ndani yake ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa hugeuka mwili na sura, kisha huendelea. Kwa hila hiyo waigizaji wengi wameweza kupokezana nafasi moja. Wanangu, msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Daktari wa 2023 hadi 2025 alikuwa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa mwaka 1992 kwa jirani zetu Rwanda, akakulia Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya 1994.

Lakini Daktari kwa kawaida hasafiri peke yake. Karibu daima ana mwenzi, na mara nyingi mwenzi huyo ni mtu wa kawaida kama mimi na wewe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watazamaji huwapenda wenzi hawa pengine kuliko Daktari mwenyewe, nami nimeona sababu tatu.

Kwanza, mwenzi ndiye mlango wetu. Daktari anajua kila kitu, na mtu anayejua kila kitu hana haja ya kueleza lo lote. Mwenzi ndiye husema, "Sijaelewa." Kwa kusema hivyo hutuokoa sisi sote ambao hatukuelewa na tukaona haya kusema. Wenzi wa kwanza kabisa, pamoja na mjukuu wa Daktari, walikuwa walimu wawili wa sekondari: Barbara Wright wa historia na Ian Chesterton wa sayansi. Nanyi walimu mliopo hapa, jioneeni fahari kidogo.

Pili, mwenzi humzuia mkubwa asipotee. Katika hadithi ile ya kwanza ya 1963, walikuwa wakikimbia msituni katika zama za mawe, na mtu aliyejeruhiwa alikuwa akiwachelewesha. Daktari akaokota jiwe lenye ncha, akamwinamia yule majeruhi. Ian akamshika mkono. Daktari akatoa udhuru, lakini kila aliyetazama alielewa nini kilitaka kutendeka. Daktari tunayemwita mwema hakuanza akiwa mwema. Mwalimu wa sekondari alimshika mkono.

Tatu, mwenzi huondoka. Daktari hazeeki kama sisi. Yeye huendelea, na mwenzi hurudi nyumbani. Jumamosi moja ya Oktoba 1976 nilimwona Sarah Jane Smith, mwandishi wa habari, akiachwa njiani. Daktari aliitwa kwao, mahali asipoweza kumpeleka binadamu, akamteremsha mbele ya nyumba akimwambia amefika kwao. Kibanda kilipokwisha toweka, dada wa watu akatazama huku na huku, akaona kwamba hata mtaa ule si wake. Watoto wa mwenye nyumba walilia. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa cha kufutia miwani.

Miaka ikapita. Mwaka 2008 mwanangu aliyekuwa akisoma ng'ambo alikuja likizo na diski ya mchezo ule, sehemu iliyoonyeshwa 2006. Jina lake kwa Kiswahili ningesema ni "Mkutano wa Waliosoma Pamoja", na mambo yake hutokea shuleni. Sarah Jane, sasa mtu mzima, anakutana na Daktari baada ya miaka thelathini, naye Daktari bado ni kijana. Anamwuliza kwa nini hakurudi kumtazama. Tena anamjulisha kwamba alimteremsha Aberdeen, kaskazini huko Scotland, wakati kwao ni Croydon jijini London. Daktari hana jibu la maana. Mwanangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimkumbuka kijana wa Kamachumu.

Ndugu zangu, nitawaambia jambo ambalo sijapata kulisema katika mikutano hii. Kijana yule ndiye aliyekuwa akinyosha mkono darasani. Mwalimu akieleza hesabu nami nisielewe, nilinyamaza, naye aliuliza. Wenzetu walimwona mzito wa kichwa. Mimi nilipata majibu ya maswali yake, nikayaandika, nikafaulu kwayo. Mwishoni mwa 1969 baba yake alifariki. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza, na kibanja pamoja na wadogo zake walimhitaji. Alifunga sanduku lake asubuhi, nami nilimsindikiza hadi barabarani. Wakati ule tulikuwa tukisoma Kisima cha Giningi kwa zamu, kitabu kimoja watu wawili. Zamu ilikuwa yangu, hivyo kitabu kikabaki kwangu.

Nilimwandikia barua moja. Baada ya hapo nilipita barabara ya Muleba mara nyingi, kwa basi na baadaye kwa gari langu, nisiingie Kamachumu hata siku moja. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa naendelea, basi.

Baada ya kutazama diski ile nilikwenda. Nilimkuta kibanjani akiondoa majani makavu ya migomba. Alinitambua kabla sijasema neno. Tuliketi, mkewe akatuletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, tukahesabiana watoto na marehemu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kwa nini sikuja miaka thelathini na tisa. Hakuniuliza hilo. Aliuliza, "Hebu nieleze, Kisima kile kiliishaje?"

Nilimwambia nimesahau, na kwa kweli nilikuwa nimesahau. Wiki iliyofuata nilirudi na kitabu.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye ombi langu. Katiba ya chama chetu inasema mwanachama ni yule aliyemaliza kidato cha nne hapa. Kwa hiyo rafiki yangu, anayekaa safari isiyofika nusu siku kutoka ukumbi huu, hajapata kuandikiwa barua ya mwaliko. Kila toleo la gazeti letu tunachapa picha za waliofika mbali, nami nimechapwa mara mbili. Hatujapata kuuliza ni nani aliyewauliza maswali waliyoona haya kuyauliza, wala nani aliyewashika mkono jiwe likiwa tayari limeokotwa. Naomba neno "aliyemaliza" liondolewe, liandikwe "aliyesoma". Ni neno moja tu, na mabadiliko yake hayatuongezei gharama ila stempu na viti.

Nanyi wanangu, mtazameni aliye kando yako dawatini. Huenda unamwona ni Najum wako. Huenda yeye naye anakuona wewe ndiye Najum wake, na huenda yeye ndiye mwenye haki. Wazee wetu wa Buhaya walipofunga omukago, yaani udugu wa damu, walitumia buni za tunda moja. Ukilipasua tunda la kahawa utaona buni mbili zimekaa uso kwa uso, na kwa nje huwezi kujua ipi ni ya kwanza.

Rafiki yangu yu hai, na ana nguvu za kupanda basi. Mwaka ujao, mkikubali ombi hili, nitapita Kamachumu kumchukua. Nyumba yake sasa naijua vizuri, na sitamteremsha mahali pasipo pake.