Siku ya Tatu Mpe Jembe
Hotuba ya bodi ya chuo chetu cha ufundi katika mkutano mkuu wa mwaka



Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mlitutuma kazi moja. Mlisema chuo kilichojengwa kwa msaragambo wa watu wote hakiwezi kuwa cha baadhi ya watu. Mawe ya msingi yalibebwa na kila kaya, zikiwemo kaya zenye mtoto kiziwi, kijana anayetembelea kiti cha magurudumu, na binti aliyekatisha shule kwa sababu ya ujauzito. Leo tumekuja kuwaeleza tulikofika, na kuomba nguvu ya kumalizia palipobaki.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumsuta mgeni mvivu. Ina upande wa pili pia. Anayepewa jembe ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyeji. Anayeambiwa kila siku "wewe kaa tu, pumzika" anabaki kuwa mgeni, hata akilishwa makande mazuri namna gani. Na jembe lenyewe sharti limfae mkononi.

Kuhusu kufungua mlango, nchi yetu imekwisha kusema. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya elimu na mafunzo sawa na wengine. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa kupata ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Kwa hiyo kumwandikisha mtu si kazi ngumu tena. Kazi ni siku ya pili yake, anapoingia karakana na kukuta kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Tuchukue ushonaji. Vyerehani vyetu vyote vilikuwa vya kukanyaga. Mwanafunzi asiyeweza kutumia miguu angekaa mbele ya cherehani kama mtazamaji. Fundi wetu alifunga mkono wa kuzungushia kwenye cherehani kimoja. Kikafanya kazi, ila mkono mmoja ukizungusha, unabaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Kwa hiyo kingine tukakifunga mota, na kile kikanyagio cha umeme tukakiweka juu ya meza ili kibonyezwe kwa kiwiko. Sasa mshonaji ana mikono yote miwili kwenye kitambaa, na sare za shule anazoshona zinauzwa sokoni bila mnunuzi kuuliza nani kazishona.

Katika useremala tuna wanafunzi viziwi. Mkalimani wa Lugha ya Alama anakuja siku za nadharia, lakini ufundi haufundishwi kwa nadharia peke yake. Walimu wamejizoeza kutozungumza wakiwa wameelekea ubao, na kuonyesha kwanza ndipo waeleze, kwa sababu mtu hawezi kutazama mikono ya mkalimani na randa kwa wakati mmoja. Kwa vifaa ambavyo darasa halikuwa na alama zake, wanafunzi viziwi na walimu walikaa wakakubaliana alama za kutumia karakanani. Juu ya msumeno wa umeme tumeweka taa inayowaka mashine ikiwashwa. Wenzao wanaosikia nao wanaitegemea, maana mashine zikinguruma zote pamoja hakuna anayesikia kitu.

Katika uashi yupo kijana mwenye ualbino. Ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na jua lisilozuiliwa linaweza kumletea saratani ya ngozi. Hatukumwondoa kwenye uashi. Kazi za nje zinafanyika asubuhi na mapema, za ndani zinafanyika mchana, naye anavaa kofia pana na mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua hayako mbali nasi: mkoani kwetu, KCMC Moshi, walianzisha utengenezaji wa mafuta maalumu kwa watu wenye ualbino. Darasani anakaa mbele, na michoro yake tunaichora kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa ualbino hugusa macho pia.

Mama vijana tuliwatengea chumba cha watoto jirani na madarasa, na mama mmoja wa kijijini analipwa kuwaangalia. Mapumziko ya saa nne yameongezwa kidogo ili mama anyonyeshe bila kukosa kipindi. Ni jambo dogo, lakini kabla yake mtoto akilia darasani aliyeinamisha kichwa alikuwa mama yake, na kuinamisha kichwa kila siku ndiko kunakomrudisha mtu nyumbani.

Sasa tuseme palipobaki. Chuo chetu kimekaa ubavuni mwa mlima, kama nyumba zetu zote. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu huhitaji mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kwenda juu. Tumejenga ya kwenda karakanani. Kati ya bweni la wasichana na vyoo kuna ngazi zenye kimo cha mita moja na nusu. Hapo panahitaji mita 18 za njia, pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia na ukuta wa kuzuia udongo, na choo chenye mlango mpana na vyuma vya kushikilia.

Kwa leo, binti anayetembelea kiti anabebwa mgongoni na wenzake. Wanambeba kwa upendo, wala hawajanung'unika. Lakini ametueleza kwamba tangu saa tisa alasiri hanywi maji, ili usiku asimwamshe mtu. Ndugu zetu, huyu ni mwanafunzi hodari wa ushonaji. Anajinyima maji ndani ya chuo tulichokijenga sisi.

Wapo waliotuuliza, kwa nia njema, kwa nini fedha ziende kwa mtu mmoja wakati paa la bwalo linahitaji bati. Jibu letu ni kwamba njia hiyo itapitisha toroli la saruji, mama aliyebeba mtoto, na mzee anayekuja kumtazama mjukuu wake. Na mwaka kesho atakuja mwingine. Wazazi wenye watoto kama huyu wanatutazama kwanza, ndipo waamue kama wawalete au wawafiche ndani.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza ni saruji, nondo, mchanga na fedha ya fundi kwa ajili ya njia na choo hicho. Mawe tunayo, na kaya za hapa nyumbani zimekubali kutoa siku za msaragambo, kama wazee wetu walivyochimba ndiva. La pili ni kwenu wenye kampuni na biashara: wapokeeni wanafunzi wetu kwa mafunzo kwa vitendo. Sheria hiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, msitafute mbali. La tatu ni kwa viongozi wetu wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wahitimu wetu wamo katika mafungu yote matatu. Wasaidieni kuunda vikundi na kujaza fomu.

Jembe tumeanza kuligawa. Tusaidieni kutengeneza njia ya kwenda shambani.