Mjane, Mtoto Wake na Ndoa ya Pili

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa mjane akiolewa tena amemsahau marehemu, na kwamba mtoto msumbufu hana budi kupelekwa kwa bibi yake ili ndoa mpya itulie. Tuitazame nyumba ya Ummu Salama (r.a.).

Wanasira wanasimulia kuwa siku ya kuhamia Madina jamaa zake walimzuia asifuatane na mumewe. Jamaa za mume nao wakamtaka mtoto, Salama, wakamvuta huku na huku hata mkono wake ukateguka. Mama alilia karibu mwaka mzima kabla ya kurudishiwa mwanawe. Kisha, mwaka wa 4 Hijria, Abu Salama akafariki kwa jeraha la Uhud. Mjane aliisoma dua ya msiba aliyofundishwa, akiomba badala iliyo bora, huku moyo wake ukiuliza: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Kumpenda marehemu hakukumzuia kuomba.

Eda ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) alimposa. Naye hakuficha kitu: ana wivu, umri umekwenda, tena ana watoto. Akajibiwa kuwa ataombewa kwa Allah wivu uondoke, umri ni wa wote wawili, na watoto wake wako katika dhamana ya Allah na Mtume wake.

Mmoja wao, Umar bin Abi Salama, amesimulia kuwa mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amtaje Allah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Tuzingatie: mtoto hakuondolewa penye chakula. Alifundishwa akiwa ameketi hapo hapo.

Sisi walimu hatukosi lawama. Tulikuwa na mwanafunzi aliyefiwa na baba, akawa mpiganaji, nasi tukamfukuza mara tatu. Mama yake alipata posa, akataka kuikataa kwa ajili yake. Mposaji akaja kutuomba tumpokee kijana, akawa anamleta kila alasiri na kumngoja barazani. Kwa muda mrefu kijana hakumsemesha. Siku moja akamuuliza kama anaruhusiwa kumwombea babake mbele yake. Yule bwana akainua mikono, akaitikia amin. Tangu hapo ugomvi ulipungua, na ndoa ikafungwa. Tuliona haya, kwani tulikuwa tumeshika fimbo pale palipohitaji subira.

Basi, enyi mnaooa wajane, msimzuie mtoto kumtaja babake. Enyi jamaa za marehemu, msimvute mtoto hata mkono ukateguka. Nanyi wajane, semeni hofu zenu kabla ya akdi, kama alivyosema mama yetu Ummu Salama.

Wabillahi tawfiq.