Shamba Nalo Lina Hodi



Nyumbani hakuna anayevuka daka bila kupiga hodi. Shambani wengi husahau, kwa kuwa hapana mlango. Lakini shamba lina mwenyewe. Mgeni apige hodi mara tatu, asipoitikiwa, arudi. Nazi iliyoanguka si ya mpita njia: huenda ndiyo karo ya mtoto wa mwenye shamba. Embe haliokotwi bila ruhusa, wala wanawake walioko kisimani hawapigwi picha bila idhini yao. Anayeongoza watalii awaeleze haya kabla ya kuingia.

Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Heshima ya Lamu isiishie kwenye kuta zake. Ifike hadi minazini.