Jahazi Moja, Mabaharia Sita: Hitilafu Kongwe ya Django na Nafasi Yetu ya Kuirekebisha

Mada kwa semina ya vijana waandaaji wa programu, Mji Mkongwe, Unguja



1. Utangulizi

Tarehe 6 hadi 11 Novemba 2023 Zanzibar ilipokea mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa. Django ni kiunzi huria cha kuundia tovuti. Kilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, kwa kazi ya Adrian Holovaty na Simon Willison, kikatolewa kwa umma Julai 2005. Tangu 2014 wapo watunzaji wachache wanaolipwa, lakini sehemu kubwa ya marekebisho huletwa na watu wanaojitolea.

Wageni wameshaondoka, kiunzi tunacho kila siku. Leo nataka tukitazame kupitia hitilafu moja iliyosajiliwa mwaka 2009 kwa tiketi namba 10060. Hoja yangu ni kwamba hitilafu haidumu kwa kukosa mafundi. Hudumu kwa sababu kila anayekutana nayo hujua pa kupitia.

2. Hitilafu yenyewe

Tuseme karani wa bandari ya Malindi ana programu ya kuorodhesha majahazi. Jahazi moja lina mabaharia 2 na limebeba mizigo 3. Karani anaiuliza Django mambo mawili kwa mkupuo mmoja: mabaharia wangapi, mizigo mingapi? Anajibiwa mabaharia 6, mizigo 6.

Sababu yake ni hii. Django huunganisha majedwali yote matatu, la majahazi, la mabaharia na la mizigo, kabla ya kuhesabu. Kila baharia huandikwa mara moja kwa kila mzigo, ikapatikana mistari 6, kisha mistari hiyo ndiyo inayohesabiwa. Ukiuliza swali mojamoja, majibu ni sahihi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba programu haisimami wala hailalamiki. Inatoa tarakimu safi, na karani anazipeleka kwa mkubwa wake.

3. Kiraka cha saruji

Nyaraka rasmi za Django zinaonya juu ya jambo hili na kuelekeza njia ya kupita: iamuru Django ihesabu vitu visivyojirudia tu. Kwa idadi, dawa hiyo inafaa. Mabaharia wanarudi kuwa 2 na mizigo 3.

Sasa tujumlishe ujira katika swali lile lile linalohesabu mizigo. Kila baharia analipwa shilingi 30,000, kwa hiyo jumla ya kweli ni 60,000. Bila dawa, Django itasema 180,000. Kwa dawa itasema 30,000, kwa sababu imeona malipo mawili yanayolingana ikadhani ni kitu kimoja kilichojirudia. Baharia mmoja amekosa mshahara.

Mafundi wa nyumba za Mji Mkongwe wanalijua hili. Ukuta wa mawe na chokaa ukiuziba ufa kwa saruji, kwa nje unapendeza, lakini unyevu hukosa pa kutokea na ukuta huliwa ndani kwa ndani.

4. Kwa nini haijaondoka

Wepesi wa kuikwepa una mwenzake: kuitibu kwa mizizi kunataka Django itunge maulizo ya hifadhidata kwa namna nyengine: kila hesabu ifanywe peke yake, kisha majibu yakusanywe. Hilo linagusa kiini cha kiunzi. Huenda baadhi ya tovuti zikawa nzito, na zilizozoea tabia ya zamani zikayumba. Kwa hiyo tahadhari ya watunzaji ina msingi.

Hata hivyo, ukongwe wa tiketi si hukumu ya maisha. Tiketi namba 373, ya mwaka 2005, iliomba ufunguo mkuu wa jedwali uweze kuundwa kwa safu zaidi ya moja. Ilitimizwa katika Django 5.2, Aprili 2025. Kazi ilikatwa vipande. Vijenzi vidogo viliingizwa kwanza, kimoja kimoja, mpaka jengo likakamilika.

5. Kazi ya anayejitolea

Wengi wetu tunadhani kuchangia ni kuandika msimbo mgumu. Kwa kweli hatua ya kwanza ni kuizalisha hitilafu upya kwenye mashine yako na kuandika kwa ufupi ulivyofanya. Hatua ya pili ni kuandika jaribio linaloshindwa wakati hitilafu ipo na kufaulu ikiondoka. Ndipo marekebisho yenyewe yanafuata, nayo husomwa na watu wengine kabla ya kuingizwa. Jaribio hubaki humo kama bawabu: mtu akija miaka kumi baadaye akairudisha hitilafu bila kujua, atakamatwa mlangoni.

Kati ya hatua hizo, ya kusoma kazi za wenzako ndiyo yenye watu haba, nayo haihitaji ruhusa ya mtu.

6. Mapendekezo

Kwanza, vyuo na skuli zinazofundisha Django ziwape wanafunzi tiketi halisi kama zoezi, kwa kuanzia na zile zilizowekewa alama ya wepesi.

Pili, tuzipitie tafsiri za Kiswahili zilizomo ndani ya Django. Ujumbe wa kosa usioeleweka kwa mtumiaji wa Makunduchi nao ni hitilafu, na sisi ndio wenye lugha.

Tatu, kila atakayeipita hitilafu pembeni aache alama: aandike alichokiona, kwa toleo gani, na kwa hifadhidata gani.

7. Hitimisho

Sikuja kuahidi kwamba tutaifunga tiketi 10060 mchana huu. Ninachoomba ni kwamba baada ya chai tukae wawili wawili, tuunde jahazi letu lenye mabaharia 2 na mizigo 3, tuiulize Django, na tuandike ilichojibu. Kisha kila mmoja afungue mfumo wa kazini kwake ulioundwa kwa Django na azikague ripoti zinazojumlisha fedha.