Daftari la Rutuba Katika Msitu wa Kupandwa
(Hotuba kwa wenyeji wa kando ya misitu)



Twawaomba mtusikilize kidogo juu ya rutuba ya udongo katika misitu ya misonobari na saipresi iliyopandwa nyanda za juu za Kenya. Miti hii asili yake ni Meksiko, nayo hukatwa kwa mbao ipatapo umri wa miaka 30 hivi. Je, udongo ubakio utaweza kulea miti ya pili na ya tatu? Hilo ndilo neno letu.

Katika vyakula vya mti, kimoja kikubwa ni naitrojeni. Karibu sehemu nne katika tano za hewa tuivutayo ni naitrojeni, lakini mti hauwezi kuitwaa hewani. Maharagwe na kunde husaidiwa na viumbe vidogo vikaavyo katika vinundu vya mizizi yao. Misonobari na saipresi haina msaada huo, bali hutegemea akiba ya udongo. Nao wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tufungue daftari la msitu.

Ukurasa wa kwanza ni utoto wa miti. Kwa mtindo wa shamba, ulioanza Kenya mwaka 1910, wakulima walipewa kulima mahindi, viazi na maharagwe kati ya miche. Ardhi iliyofyekwa hupata jua, mboji huoza upesi, na naitrojeni hutoka kwa wingi. Lakini mizizi ya miche ingali midogo, na mvua kubwa huichukua akiba hiyo. Ndiyo maana yafaa maharagwe yapandwe, na ardhi isiachwe tupu.

Ukurasa wa pili ni ujana. Matawi yanapokutana, miti hujenga majani kwa haraka, na ndipo inapokula naitrojeni kuliko wakati wowote. Akiba ya udongo hupungua.

Ukurasa wa tatu ni utu uzima. Mti hurudisha ndani yake sehemu ya naitrojeni ya jani kabla halijaanguka. Jani lenyewe, gumu na lenye utomvu, huoza polepole katika baridi ya milimani, na zulia nene hujengeka juu ya ardhi. Hapo mali ipo, lakini imefungwa sandukuni. Hutolewa kidogo kidogo mwaka kwa mwaka. Miti ikipunguzwa, jua na joto huingia, na sanduku hufunguka upesi zaidi.

Sasa ndugu, angalieni siku ya kukata. Gogo lina naitrojeni kidogo kwa uzito wake. Iliyo nyingi imo katika majani, vitawi na maganda. Mwenye kuchukua gogo peke yake amechukua faida. Mwenye kukomba majani na zulia amechukua mtaji. Naye achomaye moto hujidanganya kwa jivu, kwa kuwa jivu lina chokaa na potashi, lakini naitrojeni nyingi imekwenda na moshi.

Kwa hiyo twawasihi: majani na vitawi viachwe vitandazwe palepale, moto uzuiwe, na Walimu wawaonyeshe watoto zulia hilo kwa macho yao. Mti wa wajukuu wetu utakula kile tutakachouachia.